Mkoba Alioukataa Mama Vizibo

Mama Vizibo alibatizwa jina hilo langoni, na mbatizaji ni mimi. Kazi yetu ni kukagua wanawake wanaoingia uwanjani siku za mechi. Kanuni inasema maji yaingie bila kizibo, kwa sababu chupa iliyofungwa ikirushwa inampasua mtu kichwa, lakini iliyo wazi inamwaga maji njiani na kufika nyepesi. Sisi wengine tunang'oa kizibo na kukitupa pipani. Yeye anakifungua taratibu, anamrudishia mwenyewe chupa kwa mikono miwili, kisha kizibo anakitia mfukoni mwa kizibao chake cha njano. Ikifika jioni mfuko umevimba. Nilimuuliza anavipeleka wapi vyote vile, akasema pipani, ila kwa safari moja, maana yeye si mtoto wa kukimbizana na pipa.

Basi jina likamganda. Hata msimamizi wetu, mwanamume asiyejua kucheka, siku moja aliliita kwenye redio ya mkononi bila kujishtukia.

Chakula kutoka nje ni marufuku, na hapo ndipo penye vita. Nimewahi kukuta mayai sita ya kuchemsha ndani ya kofia, na mwenye kofia akaniapia kwamba hajui yaliingiaje. Nimetukanwa kwa ajili ya nusu mkate. Na ndani wanauza mkate uleule kwa bei ya kukutoa machozi, kwa hiyo wanaonitukana siwalaumu sana. Nina miaka tisa langoni na sijaona bao hata moja. Tunayasikia tu, uwanja unanguruma nyuma ya ukuta, nasi tumekaa juu ya kreti tukikisia nani kafunga.

Mama Vizibo anaishi peke yake kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nimefika mara mbili. Kuna kitanda, meza, viti viwili ambavyo kimoja kimewekewa nguo, na sufuria ndogo ya kupikia mtu mmoja. Redio haizimi. Alinieleza kwamba siku zisizo na mechi ndizo mbaya, kwa sababu langoni angalau watu elfu moja humwambia neno, hata kama ni la ovyo. Msimamizi na wenzetu wanajua hana mtu. Ndivyo anavyowaambia. Mimi tu ndiye niliyeambiwa ukweli, siku moja mvua iliponyesha na mechi ikacheleweshwa, tukabaki wawili chini ya turubai.

Alikuwa na binti, mwanawe wa pekee, wakiishi kwenye chumba kilekile. Binti alifanya kazi duka la kudurufu karatasi. Kila jioni alipoingia, mama yake alimwambia, "Fungua mkoba, dada," kama anavyosema langoni, na wote wakacheka. Ilianza kama utani. Baadaye binti aliacha kucheka, lakini mama hakuacha kukagua. Mikono ilikuwa imeshazoea.

Siku moja binti akiwa bafuni, mama akaufungua mkoba. Akakuta kadi ya kliniki ya mjamzito, mimba ya miezi mitatu. Na hapa ndipo alipokosea kwa namna ambayo mkaguzi pekee ndiye anayeweza kukosea. Langoni ukikuta kitu chenye utata hukirudishi mahali pake. Unakiweka mezani, unamwita mtu wa pili awe shahidi, halafu unamuuliza mwenyewe, "Hiki ni nini?" Mama Vizibo akaiweka kadi mezani, akampigia simu kaka yake aliyekaa mtaa wa pili. Binti akatoka bafuni, taulo kichwani, akamkuta mjomba wake amekaa kitini na kadi iko mezani peke yake.

"Nilikuwa nikwambie Jumapili, mama," alisema. "Ungenisubiri siku mbili tu."

Kesho yake alihama. Akabadilisha namba ya simu. Mjomba alisikia kwamba ameolewa na aliyempa mimba, na kwamba amejifungua salama, basi. Wakati ananisimulia ulikuwa umepita mwaka mmoja. Nilimkaripia, nikamwambia kumpekua mtu mzima ni kumvunjia heshima hata kama umemzaa. Akasema anajua, na kwamba hakuna siku inayopita bila kujua.

Sasa kuna kanuni nyingine langoni. Ukimwona ndugu yako kwenye foleni unainua mkono, na msimamizi anamhamishia foleni nyingine. Usipoinua na ikagundulika, kazi huna. Kanuni hii ililetwa na mkaguzi mmoja aliyemwachia shemeji yake apite na fataki.

Jumamosi ile mechi ilikuwa ya saa tisa alasiri. Lango letu lina foleni mbili za wanawake, yake na yangu, hatua mbili kati yetu. Nikaona mikono yake imesimama juu ya mkoba wa mtu.

"Mwenye kitambaa cha kijani," alisema bila kunigeukia. "Mwanangu yule."

Nikatazama. Mwanamke mwembamba, amebeba mtoto wa kike ubavuni, mbele yake watu tisa. Hakuwa ametutafuta. Tiketi ndiyo inayokwambia uingilie lango gani.

"Inua mkono," nikamwambia.

"Niache kwanza."

"Msimamizi yuko pale, anatutazama."

"Niache, mwenzangu. Leo tu."

Nikamwacha. Niliogopa kwa niaba yake, maana bila kazi ile angebaki na redio peke yake. Watu tisa wale aliwakagua haraka kuliko kawaida, na kila akimaliza mmoja alifuta viganja kwenye suruali. Binti alimwona walipobaki watatu. Hakurudi nyuma, wala hakutabasamu. Alipofika alitoa shikamoo moja, yangu na ya mama yake kwa pamoja, kama ile unayowapa wazee uliowakuta wamekaa mahali. Akaweka mkoba mezani na kufungua zipu zote nne kabla hajaambiwa.

Mama Vizibo akaweka mikono nyuma.

"Pita, mwanangu. Sikukagui."

"Kagua, mama. Watu wanaangalia."

"Siwezi. Ile siku moja ilitosha."

Nyuma foleni ikaanza kunung'unika, mtu akauliza huko mbele kuna mkutano gani. Binti aliutazama mkoba wake, akamtazama mama yake. Kisha akainua mkono yeye.

"Msimamizi," alisema, "huyu ni mama yangu. Naomba nikaguliwe na mwingine."

Msimamizi akaja, akamuuliza Mama Vizibo kama ni kweli. Akajibu kwamba ni kweli, ni binti yake, na kwamba hakuinua mkono kwa sababu hakutaka. Msimamizi alimkodolea macho. Nadhani mdomo wake ulikuwa tayari kumfukuza, ila macho yalimwona alivyo. Akasema, "Nenda foleni ya pili, dada," akaondoka bila kuandika chochote.

Kama binti aliinua mkono kumwokoa mama yake au kumkimbia, sijui, na sidhani kama yeye mwenyewe anajua.

Kwa hiyo mkoba ule nilikagua mimi. Maziwa ya mtoto yanaruhusiwa, ila mama lazima ayaonje mbele yetu, na chupa yake ndiyo pekee inayoingia na kifuniko. Nikaishika, nikaigeuza, nikampa. Akaonja, akafunga. Wakati huo mtoto alikuwa ameona kizibao cha njano cha bibi yake, akanyoosha mkono kukitaka. Mama Vizibo hakusogea. Binti akamhamishia mtoto ubavu wa pili, akafunga zipu, wakapita, wakapotea kwenye umati.

Mechi ilipoanza foleni zikaisha. Tulikaa kwenye kreti zetu. Mama Vizibo akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Ulikuta nini?"

Mimi tena, niulizwe nisiseme? "Nepi tano, zimekunjwa vizuri," nikaanza. "Kisweta cha kufumwa. Funguo za nyumba. Na ile chupa ya maziwa ina plasta, imeandikwa..."

Akanishika mkono kwa nguvu.

"Basi. Usiendelee."

"Hujui ninachotaka kusema."

"Ndiyo maana usiseme. Hajaniambia mwenyewe." Akauachia mkono wangu. "Unaona nilivyo? Ametoka hapa sasa hivi na nimeshaanza kumpekua."

Halafu akalia. Alisema anamkumbuka mwanawe mpaka anaongea na sufuria. Alisema hataki kujua kitu chochote cha mtoto yule mpaka aambiwe na mama yake, hata kama ni baada ya miaka ishirini. Uwanja ukanguruma, mtu kafunga, hatukukisia nani.

Mechi ilipokwisha alisimama langoni mpaka wafagiaji wakaja. Kutoka hakuna ukaguzi, na milango yote huwa wazi. Binti hakupitia kwetu.

Hii ni miezi saba sasa. Mimi siri kwangu hailali, hilo muulize yeyote, lakini hii nimelala nayo. Plasta ile ilikuwa na jina la mtoto, kwa wino mzito, kama wanavyoandika kina mama wanaowaacha watoto kwa mlezi. Lilikuwa jina la Mama Vizibo, jina lake la kuzaliwa, analosaini kwenye daftari la mahudhurio kila mechi juu ya langu. Anasaini, ananipa kalamu, nami nainama kusaini langu na kuufunga mdomo.