Chumba Alichokiita Stoo

Watoto wa kijiji cha Kanoni wanamwogopa Mwalimu Adelgunda kuliko wanavyomwogopa mwalimu mkuu wao, na siwalaumu. Ana miaka sabini na mitano, alistaafu kabla wao hawajazaliwa, lakini sauti yake haijastaafu. Ukipiga chafya mbele yake bila kuziba pua, siku hiyo hutaisahau.

Kila Alhamisi shule za jirani humletea wanafunzi kwenye gereza la zamani, lile jengo la mawe lililo mgongoni mwa kilima, ambamo watu wa chifu walifungia raia enzi za Mwingereza. Kijiji kilikuwa kimeliacha likawa zizi la mbuzi. Ndipo Adelgunda akasimama kwenye mkutano wa hadhara, akawauliza wazee wazima kama hawaoni haya kufugia mbuzi mahali walipolia baba zao. Wakampa ufunguo, nadhani ili anyamaze. Hakunyamaza.

Anafundisha kwa vitendo. Huwalaza watoto wanane kwenye mkeka wa watu wanne, wote kwa ubavu mmoja, na hakuna ruhusa ya kugeuka peke yako. Mmoja akichoka husema "tugeuke", na wote wanageuka. Mara ya kwanza watoto hucheka. Mara ya tano hawacheki tena, na hapo ndipo anapoanza kuwaeleza: wafungwa waliamshwa kabla ya ndege, walikata nyasi hadi mikono ikapasuka, jioni walikula maharage yasiyo na chumvi. Huyu kosa lake alikataa kutandaza nyasi kwenye kahawa yake kama serikali ilivyoamuru, yule alimjibu mkubwa vibaya. Askari wa gereza aliitwa Rwegoshora.

"Alikuwa baba yangu," huwaambia. "Funguo hizi alizishika yeye. Na fimbo aliishika pia."

Hilo hakulificha kamwe, na watu walimheshimu kwa hilo. Lakini gereza lile lina vyumba vitatu, naye alikuwa akifundisha viwili. Cha tatu ni chembamba, hakina dirisha, kina tundu dogo tu chini ya mlango. Akifika hapo husema, "Hii ilikuwa stoo ya majembe," kisha anaongeza mwendo. Mwanamke aliyechapa watoto wa watu miaka mingi kwa kosa la kusema uongo alikuwa akiutoa uongo huo kila Alhamisi, mkavu wa macho. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na huu alikuwa nao tangu utotoni.

Alhamisi moja ya Agosti, jua likiwa kali na vumbi jekundu limekaa juu ya migomba, Mwalimu Jovitus alileta darasa la tano. Miongoni mwao alikuwamo Immaculata, msichana mwembamba wa ukoo wa Mbonimpa. Ukoo ule ulitoka Rwanda zamani, ukafanya vibarua kwenye kahawa za watu, na leo una shamba lake kule Ihembe. Bibi yake, Benadeta, ndiye rafiki mkubwa wa Adelgunda. Kanisani wanakaa benchi moja, na mmoja akiugua mwenzake ndiye anayempikia uji.

"Hii ilikuwa stoo ya majembe," alisema Adelgunda.

Immaculata akanyoosha mkono. "Mwalimu, shikamoo. Bibi Benadeta amesema nikuulize. Baba yake alifungwa hapa, akatolewa akiwa hoi, akafia njiani. Bibi alikuwa bado mgongoni kwa mama yake. Amesema niulize alilala chumba gani, nikamwambie."

Jovitus alitaka kumnyamazisha. Adelgunda akamzuia kwa kiganja.

Alisimama pale, ufunguo mkononi. Akisema stoo, mtoto angeubeba uongo huo mpaka kwa Benadeta, na maisha yangeendelea kama kawaida: benchi lile lile, uji ule ule. Akisema kweli, huenda Jumapili angekaa benchi peke yake. Benadeta hakuwa amewahi kumuuliza hata siku moja. Sasa alikuwa ameuliza, tena kwa kinywa cha mjukuu, kama watu wazima wanavyofanya wakitaka kumwachia mwenzao heshima yake.

"Jovitus, waketishe hawa hapo uani," alisema, akafungua mlango.

Joto lilitoka ndani likawapiga usoni. Watoto walichungulia, wakaona kuta tupu.

"Alilala humu," Adelgunda alisema. "Siku mbili. Alivunja mpini wa jembe kwa hasira, ndipo baba akamfungia. Mama alikuwa msibani kwao. Baba akatumwa kupeleka wafungwa wengine bomani, akaniachia mimi kazi. Akaniambia, nenda chemchemi mara mbili asubuhi. Kibuyu cha kwanza mwagilia miche, cha pili mpe mtu kwenye tundu."

"Miche gani, mwalimu?" mmoja aliuliza.

"Ya kahawa. Hapo mlipoketi palikuwa na kitalu cha serikali, miche mia mbili. Ilikuwa kiangazi kama hiki. Chemchemi ilikuwa inadondoka tu. Nilikaa mpaka jua likawa kichwani, nikapata kibuyu kimoja. Na nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema Bwana Shamba anakuja kukagua, na mche ukikauka, askari anafungwa yeye. Nikaogopa baba yangu atafungwa. Maji yote nikamwagia miche."

Jovitus alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alikuwa anaita?" aliuliza Immaculata.

"Aliita. Nikajiambia mtu anaweza kungoja, mche hauwezi. Kesho yake nikafanya vile vile. Baba aliporudi alimkuta hawezi kusimama. Wakubwa wakaandika kuwa ni homa iliyomuua. Baba alijua, maana aliniuliza, nikamjibu. Hakunichapa. Afadhali angenichapa."

Machozi yalimtoka Adelgunda mbele ya darasa zima, naye hakuyafuta. Watoto walikuwa hawajawahi kuona kitu kama hicho, wakaangalia miguu yao.

"Kamwambie bibi yako hivyo hivyo," alisema. "Usipunguze. Mwambie mimi mwenyewe nitakuja leo jioni, na akinifungia mlango nitaelewa."

Immaculata aliingia ndani, akagusa ukuta, akatoka. Akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi, mwalimu?"

"Minane."

Msichana akafikiri. Ana mdogo wake wa miaka minane, ambaye hata mbuzi bado hatumwi kufunga peke yake.

"Na ile miche," alisema, "ilipona?"

Adelgunda alishika fremu ya mlango. Katika miaka yote ya kulala na jambo hilo na kuamka nalo, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, wala yeye hakuwahi kujiuliza.

"Ilipona yote," alisema. "Haukukauka hata mmoja. Bwana Shamba alimsifu baba."