Eda ya Msimu wa Mabibo

Baba alifariki wakati wa mbaazi mbichi. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, vijana wanapita mashambani na mashine za kupulizia salfa, na vumbi lake linafika mpaka barabarani unalisikia kooni. Tulimzika alasiri. Kesho yake asubuhi wanawake wa vijijini wakaja gengeni na matenga yao ya mbaazi kama kawaida, maana habari ilikuwa haijawafikia. Nilizipokea nikaziuza. Wapo ndugu walioninung'unikia kwa hilo, na hao ndio hasa ningependa wasome haya.

Genge letu liko ukingoni mwa Mtawanya, pale magari yanapopunguza mwendo. Ni banda la miti na bati, stoo nyuma na meza ndefu mbele. Mama alilianzisha kabla sijazaliwa, kwa kuuza mihogo ya shamba alilopewa na mama yake. Baba alikuwa seremala. Meza alizitengeneza yeye, na jioni akitoka kazini alikaa pale na redio yake akisalimiana na kila apitaye, kwa hiyo watu wakazoea kusema wanakwenda kwa Mzee. Mama hakujali. Alisema jina halipalilii shamba.

Mvua zikikatika tunauza njugu mawe za kuchemsha. Zikiisha zinakuja mbaazi, halafu makopa, ile mihogo iliyomenywa ikakaushwa juani mpaka inalia ikigongana. Mchele unatoka bonde la Ruvuma, na kisamvu hakikosi mwaka mzima. Korosho ghafi hatugusi. Hizo zinakwenda chama cha ushirika, na anayezinunua kichochoroni huitwa kangomba, akikamatwa hana mtetezi. Sisi tunauza za kukaanga, alizozibangua mama mwenyewe, na vidole vyake vimebabuka kwa mafuta ya ganda kiasi kwamba simu mpya haimtambui akigusa kioo.

Lakini msimu wenyewe, ule unaoamua kama mwaka huu tumo au hatumo, ni wa mabibo. Tunda la mkorosho halina subira. Likianguka alfajiri, jioni limeanza kutoa maji, na kesho linanukia uraka, ile pombe ya mabibo, ambao sisi hatuuzi ingawa majirani wanaokuja kuuliza kwa sauti ya chini hawajakosekana. Bibo linauzwa siku ileile au linatupwa. Mwenye mabibo hawezi kukusubiri ufungue mlango; anapeleka genge la mbele, na akishapokelewa vizuri huko, mwezi unaofuata anapeleka embe hukohuko.

Huku kwetu mtu akila mabibo hanywi maziwa. Tumelelewa tukijua kwamba vikikutana tumboni mtu anakufa, basi, hakuna mjadala. Mwaka mmoja alikuja kijana wa bandarini, mtu wa Mbeya, akala mabibo pale mezani akashushia na pakiti ya mtindi aliyokuja nayo. Mama alimvutia kiti akae, mwanamke mmoja akaanza kumsomea dua, na sote tukamtazama tukingoja. Alijifuta mdomo akauliza kama tuna mengine yaliyoiva zaidi. Tulicheka siku ile mpaka tukalia, na siku ya pili mama akanikataza maziwa vilevile, kwa sababu aliyekula ni yule kijana, si sisi.

Nasimulia hilo ili ijulikane kwamba sisi ni watu wa namna gani. Tunashika tulichoambiwa, hata kikishakanushwa mbele ya macho yetu.

Baba alipozikwa, mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndivyo ilivyoamriwa, na mama si mtu wa kulibishia hilo. Lakini kwetu eda ina nyongeza zake. Kizuka, yaani mjane aliye edani, hakanyagi barabarani, akienda msalani anafunikwa shuka, haongei kwa sauti, hasalimiani na mwanamume hata kwa mlango uliofungwa. Mama yangu, aliyezoea kugombana na wenye malori toka asubuhi, aliwekwa chumba cha uani akiwa na nguo nyeupe na tasbihi. Mimi nilikuwa nimepanga mjini, Magomeni, nikishona. Nilirudisha chumba cha watu, nikaleta cherehani yangu nyumbani, nikashika genge.

Arubaini ilipokwisha, akaja baba mdogo kutoka Mikindani. Sitamsingizia: alimpenda kaka yake, alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, na kaburini alilia kuliko sisi sote. Lakini alikuja na fundi, na fundi alikuwa na futi ya kupimia. Baba mdogo akanieleza kwa upole kwamba wafanyakazi wa gesi wanaopita kwenda Madimba wanataka chipsi na soda baridi, hawataki mbaazi, na kwamba kaka yake hakuacha mtoto wa kiume. Hilo la mwisho alilisema akitazama meza, si mimi.

Nilimwambia mali ya baba tutagawana kama Mungu alivyoigawa, wala sitaficha hata msumari: randa zipo, misumeno ipo, baiskeli ipo, na redio kama anaitaka aichukue leo. Genge halikuwa la baba. Akatabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto, akasema watu wote wanalijua ni la nani, hata makondakta wanaita kituo hiki kwa Mzee. Nikasema basi aende akamuulize mama mwenyewe. Akajibu kwamba shemeji yuko eda, si adabu kumsumbua. Akitoka, tutazungumza.

Hilo neno, tutazungumza, nalijua. Hutamkwa na mtu ambaye akija kuzungumza kuta zimekwishapakwa rangi.

Niligoma kumpa ufunguo. Juma lililofuata nikafika asubuhi nikakuta mlango wa stoo una kufuli jipya, kubwa, la shaba. Mizani, matenga, turubai, akiba ya makopa, vyote vilikuwa ndani. Nilipompigia simu alisema ni kwa heshima ya marehemu, biashara ipumzike hadi eda iishe. Nikahesabu kichwani eda ingeisha wakati gani. Ingeisha mabibo yakiwa yamekwisha, embe zimeanza, na akina mama wa vijijini wamekwishazoea njia nyingine.

Nilijaribu kuuza chini, kwenye gunia, nje ya mlango wangu mwenyewe. Wenye matenga walipita wakanipa pole, wakaona sina mizani wala pa kuhifadhia, wakaendelea. Siwalaumu. Jioni nikirudi nampelekea mama chakula, ananiuliza leo kumeletwa nini, nami najibu mbaazi, makopa, kama kawaida. Siku moja alinusa mikono yangu akasema haina harufu ya kitu. Ikabidi nimwambie yote. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake pia, kwa jinsi alivyokaa ameuelekea ukuta akisikiliza.

Alinituma kwa ustadhi wa msikiti wetu nikamuulize swali moja: mwanamke wa eda asiye na wa kumlisha anafanya nini.

Nilikwenda nikijua nitakachoambiwa. Ustadhi ni kijana, mdogo kwangu kwa umri, na nilimkuta amechutama kwenye pampu ya kisima cha msikiti, mikono imejaa grisi. Alinisikiliza bila kuinuka. Akauliza kama kuna mtu aliyejitolea kumtunza mama. Nikamwambia kuna mtu aliyejitolea kumtunzia kufuli. Akacheka kidogo, akajizuia. Kisha akasema mchana anatoka kwa haja yake, na riziki ni haja. Asijipambe, asijitie manukato, usiku alale nyumbani kwake. Nikamuuliza mara ya pili, maana niliona kama sikusikia vizuri.

"Eda ni ya Mungu," akasema. "Hicho chumba cha uani mmemfungia nyinyi."

Nilirudi nikiwa mwepesi, nikidhani nampelekea mama furaha. Aliposikia aliiweka tasbihi chini. Halafu akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, la bibi, mama yake. Bibi naye alikaa eda msimu wa korosho. Alikaa vizuri, kama alivyofundishwa, hakuchungulia hata dirishani, na alipotoka akakuta korosho za shamba lake zimeokotwa na shemeji zake mpaka za chini ya majani. Nusu ya mikorosho haikurudi tena mikononi mwake. Alisifiwa sana kwa jinsi alivyokaa. Mama alikuwa msichana, na ndiye aliyekuwa akimpelekea uji.

"Kumbe angeweza kutoka," mama akasema. Alikuwa hasemi na mimi.

Kesho yake, jua lilipochomoza, alitoka. Nguo zake nyeupe, hina imekwishafutika kwenye kucha, miguu ndani ya kandambili zangu. Jirani mmoja alituona akaingia ndani haraka kama aliyekutana na mchawi. Mimi nilikuwa na nyundo na tindo mkononi, na sifichi kwamba nilikuwa nimelala nikiliota lile kufuli. Mama aliitazama nyundo.

"Kufuli ni la mtu, usiliguse," akasema. "Bawaba nilinunua mimi. Lete bisibisi."

Tulizifungua bawaba, moja baada ya nyingine. Skrubu zake zilikuwa na kutu, zikatutoa jasho. Mlango ukatoka upande wa pili, tukauegemeza ukutani na kufuli lake la shaba likiwa limefungwa vilevile, zima, linang'aa. Tukatoa mizani. Makopa yalikuwa yameanza kuingiwa na dumuzi, wadudu wa ghalani, tukayachambua yanayofaa, tukaanika. Mama akaketi mezani akapanga mihogo mafungu mafungu, na kila fungu akaweka kamuhogo kadogo juu ka nyongeza, kama anavyofanya siku zote. Wa kwanza kusimama alikuwa mwanamke wa mabibo, tenga kichwani. Alimtazama mama na nguo zake, akatazama barabara, akalitua tenga.

Baba mdogo alifika kabla ya adhuhuri. Bila shaka alipigiwa simu, Mtawanya haina siri. Alisimama mbele ya ule mlango uliong'olewa, akalishika kufuli, akalivuta kidogo kama anayehakikisha. Halikufunguka. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga, na nilikuwa na sababu za kutosha kwa vyote viwili. Watu walikuwa wamejaa, wengine hawanunui kitu, wamesimama tu na fungu moja mkononi ili wasifukuzwe.

Alimgeukia mama, lakini macho aliyaweka chini, maana ni kizuka.

"Shemeji," akasema, "watu watasema nini?"

Mama alikuwa anapima mabibo. Alingoja mkono wa mizani utulie.

"Watasema muhogo bei gani, shemeji."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko. Baba mdogo aliongea bado, kuhusu heshima, kuhusu kaka yake kutopumzika huko aliko. Mama akamwambia kwamba ustadhi yupo msikitini, pampu haijapona, akamuulize. Akamwambia pia kwamba vifaa vya useremala vimefungwa kwenye gunia nyumbani, vinamngoja yeye, na ni haki yake. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilimwona baba mdogo anatafuta neno, na kwa muda mfupi nilimwonea huruma, kwa sababu alifanana na baba alipokuwa akikosa neno. Mwishowe akatoa ufunguo mfukoni, akalifungua kufuli lake, akalitia mfukoni likauvuta upande mmoja wa koti, akaondoka.

Waliosema walisema. Mpaka leo kuna nyumba za Mtawanya ambazo hazinunui kwetu, wananunua mbele huko kwa bei ya juu na mihogo mikavu, na mimi nikipita nawasalimia kwa sauti kubwa ili wajue naona. Wakisema mama alivunja eda, nawaambia wakamuulize ustadhi. Wakisema ustadhi ni mtoto, nawaambia basi wamfundishe.

Lakini siku ile, baba mdogo alipokwisha kuondoka, watu walinunua. Tuliuza mabibo yote. Alasiri alikuja mama mmoja wa Msimbati, hatumjui, akachagua mafungu makubwa ya mihogo. Mama alikuwa anamtilia kwenye kapu alipoanza kulia. Kule chumbani hakuwa amelia hivi. Kule kila akianza kulikuwa na mtu wa kumwambia anyamaze, asimlilie marehemu kwa sauti. Sasa alilia kwa kifua kizima, mbele ya barabara, pikipiki zinapita. Watu waligeuka. Nikaona aibu, nikamshika mkono nimpeleke stoo, ndani, kwenye kivuli.

Akauchomoa mkono wake.

"Niache," akasema. "Nalia kwangu."

Yule mama wa Msimbati hakusema pole wala hakuondoka. Alishikilia kapu wazi, na mama akaendelea kumtilia mihogo huku analia.