Mchezo wa Katoni ya Sabuni

Harufu ya gundi na katoni ilinipokea mlangoni pa darasa la binti yangu, huko Lavington. Karo ya shule ile nailipa kwa gereji niliyoianzisha na spana moja, bila kubebwa na mtu. Watoto walikuwa wametengeneza michezo ya dadu ya kujifunzia Kifaransa, na wazazi wakapiga makofi.

Wa kwetu, nilipokuwa mtoto, niliutengeneza juu ya katoni ya sabuni, nyuma ya darasa la mabati, si mbali na Dagoretti Corner. Nilichora miraba kwa makaa, na ndani yake mbuzi, sufuria, mwavuli. Tulisogeza vizibo vya soda. Dadu zetu zilikuwa punje za mahindi zilizochomwa upande mmoja. Ukifika kwenye picha, uitaje kwa Kiingereza ama urudi nyuma. Shuleni, aliyekosa Kiingereza alivalishwa kibao shingoni, na mimi nilikuwa nimekizoea kama shati. Wiki hiyo kilikuwa hakijanigusa.

Mwalimu wetu alipotukuta, aliikanyaga katoni mpaka ikapasuka.

"Kamari," akasema. "Ndiyo mnafunzwa kwenu?"

"Si kamari, mwalimu. Ni Kiingereza."

Nilikuwa nimemjibu kwa Kiswahili. Akanivalisha kibao palepale.

"Mzazi, karibu ucheze," mwalimu wa binti yangu akaniambia, pale Lavington. "Usiogope, nitakufundisha."

"Unifundishe nini, na mchezo kama huu niliutengeneza mimi zamani?"

Binti yangu akacheka. "Lakini baba, wewe hujui Kifaransa."

Nikavuta kile kiti kidogo, nikakaa. "Leta dadu," nikamwambia.