Wasifu wa Baba Ndani ya Kisanduku

Nimeandika wasifu wa marehemu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kazi hiyo sikuiomba. Ilinijia kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta na printa, na huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu chenye picha zake na maisha yake tangu kuzaliwa. Simu inapigwa Jumatano, mazishi ni Jumamosi. Wanaleta picha moja iliyokunjwa na maelezo ya mistari minne, kisha wanataka kurasa nane. Zilizobaki nazijaza mimi: alikuwa mcheshi, alipenda watu, mlango wake haukufungwa. Siku hizi vidole vinaandika vyenyewe, mimi nikiwaza mboga.

Kisha kompyuta yangu ya zamani ikafa bila kuaga. Wiki chache baadaye alifika mjane mmoja kutoka Ahero. Maji yalikuwa yameingia nyumbani kwake na kuharibu picha ya pekee ya mumewe, lakini hakuwa na wasiwasi, maana alijua nakala iko kwangu, niliyemtengenezea kijitabu cha mazishi. Nilimwambia haipo. Hakunilaumu. Aliomba maji ya kunywa, akanywa taratibu, akashukuru, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Ndipo nikaanza kutafuta mahali pa kuhifadhi kazi zangu. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alitaka tulipie nafasi mtandaoni kila mwezi. Nilimkumbusha kwamba huku Nyamasaria mtandao hupotea mawingu yakikusanyika tu, hata kabla mvua haijanyesha. Diski ya kawaida ya kuchomeka nayo niliikataa kwa kuwa najijua: ningeichomeka wiki ya kwanza, kisha ingekaa kabatini ikila vumbi. Nilitaka kitu kitakachofanya kazi bila mimi.

Katika duka moja la kompyuta mjini nilihudumiwa na mwanamke wa makamo, mtu wa Murang'a aliyekaa Kisumu hadi akajua kubishana kwa Kijaluo.

"Mama, unataka kuweka nini?" akaniuliza.

"Wafu," nikasema. Nilikuwa nimetembea maduka matatu na viatu vilikuwa vinanibana.

Hakucheka. Alinionyesha kisanduku cheusi kinachoenea juu ya kiti. "Chukua hii ya disk mbili. Unaiunganisha na router, kompyuta zote za nyumba zinaweka file huko zenyewe. Kitu ukiweka kwa disk moja, inajicopy kwa ingine. Moja ikikufa, ingine inabaki."

"Na zikifa zote?"

"Hapo ni Mungu ama stima. Kwa hivyo nunua na betri yake, na usiiweke chini. Wewe unajua maji ya huku."

Nilinunua mashine hiyo. Niliiweka juu ya kabati la vyombo, ikaanza kuunguruma kama paka aliyeshiba. Kwenye kuitayarisha iliniuliza maswali mengi: nani aone nini, nani asione, kila mtu awe na neno lake la siri. Nilikuwa nimechoka na maswali. Nikachagua folda moja ya watu wote, bila neno la siri, kisha nikaiamuru ichukue kila kitu kilichomo kwenye kompyuta yangu mpya kila siku adhuhuri. Mume wangu akaiunganisha na televisheni ili atazame filamu zake, na picha zetu zote zikawa zinaonekana kwenye skrini. Tuliona ni raha.

Wakati huo Baba alikuwa akiishi nasi. Tulikuwa tumemtoa Usenge, ambako alifanya kazi miaka yote kama karani wa kupima samaki ufuoni, ili awe karibu na kliniki ya moyo. Alikuwa ametimiza miezi minane kwetu. Nilimpangia dawa asubuhi na jioni, nikamwondolea chumvi, nikamwondolea sukari, nikampeleka na kumrudisha. Sisemi kwamba nilinung'unika. Nasema tu kwamba nilikuwa nikilala kama gunia.

Na katika miezi hiyo nilifanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Nilianza kuandika wasifu wake, naye yu hai. Kutayarisha mazishi ya mtu anayepumua ni kumwita kaburini, kila mtoto anajua. Lakini mimi nilijua Jumatano yangu itakujaje. Sikutaka kuandika kuhusu baba yangu kwa siku mbili, jikoni kumejaa shangazi wanaolia. Kwa hiyo nikaandika ukurasa mmoja, nikaufanya picha kama nifanyavyo kwa zile kurasa za kutumiwa watu kwenye simu, nikauficha ndani kabisa ya kompyuta yangu. Sikukumbuka kwamba kile kisanduku hakijui kitu kilichofichwa. Kiliubeba ule ukurasa adhuhuri pamoja na vingine vyote.

Jumanne moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Baba sebuleni na rimoti mkononi. Alikuwa akitafuta picha za harusi yetu. Skrini nzima ilikuwa na uso wake, na juu yake jina lake, na juu ya jina mwaka wa kuzaliwa ukifuatwa na nafasi tupu, na chini yake mistari ya wasifu.

Niliweka kikapu chini. Jambo moja tu lilinijia: atakufa akiamini kwamba nilikuwa nikimngojea afe.

Baba hunisemesha Kijaluo siku njema. Akikasirika hurudi kwenye Kiswahili cha ofisini.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe. Si kwamba nilitaka..."

"Kufa nitakufa. Hiyo haina shida." Alielekeza rimoti kwenye mstari wa tatu. "Hapa umesema nilipenda kuimba kwaya."

Nikasoma. Kweli ilikuwa imeandikwa hivyo.

"Mimi sijawahi kuimba kwaya," akasema. "Ndugu yangu ndiye aliimba. Hii yote ni yake. Nilisimama nikaisoma mbele ya watu siku tulimzika. Mcheshi, alipenda watu, mlango haukufungwa. Mlango wangu mimi nafunga, na wewe unajua."

Ndivyo nilivyofanya. Nilichukua wasifu wa amu, huyo ndugu yake Baba, kutoka kwenye kijitabu chake cha mazishi, nikabadilisha jina na kijiji na kazi, nikaahidi nitarekebisha mengine baadaye. Nilikuwa nimewafanyia wageni hivyo mara nyingi hata sikuona kwamba safari hii ni baba yangu.

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia nitaufuta. Kisha nikamwomba anieleze mwenyewe, niandike upya.

"Nikueleze nini? Miezi nane unaishi na mimi. Dawa zangu unajua zote kwa majina. Kitu ingine unajua kwangu ni nini?"

Nilijua anakunywa chai bila sukari, na hilo nalo nilimlazimisha mimi. Nilijua tarehe za kliniki. Nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

"Nimechoka, Baba," nikasema. Sikuwa nikijitetea. Ndilo neno pekee la kweli nililokuwa nalo.

Alizima televisheni. Aliponigeukia tena alisema kwa Kijaluo.

"Najua, nyara, binti yangu. Nakuona kila siku ukiingia. Mimi pia nimechoka. Ulishawahi kuniuliza?"

Sikuwahi.