Jina Alilolitaja Ranjan Ukumbini

Ranjan hakuburutwa kutoka ukumbini. Hakupiga mayowe, hakujigaragaza chini, hakudai mtoto wa mtu. Wala mdogo wake, Jayesh, hakumlipa chochote, na anayesema alilipwa aje aseme mbele ya mlango wa nyumba hiyo, asisemee kwenye foleni ya maziwa. Alichofanya Ranjan Jumapili ile alasiri ni kutamka neno moja, kwa sauti ya kawaida, akiwa ameketi kwenye kiti chake. Kokila, mjane wa kaka yake mkubwa, alikuwa kushoto kwake, magoti yakigusana. Kama kuna shahidi, ni yeye.

Ranjan ni binti pekee wa nyumba ya akina Patel pale mjini Nadiad. Aliolewa Uttarsanda, kijiji cha jirani, ambako kila ua una papadi, vile vimkate vyembamba vya dengu, zilizoanikwa na hewa yenyewe inanukia unga na pilipili manga. Mumewe alifariki mtoto wao wa kiume akiwa bado anavaa kaptula za shule. Ranjan hakurudi kwao kulia. Alichukua nyundo ya mbao akaendelea kuponda unga kama wanawake wenzake, na kwa sababu ulimi wake haukupumzika, kazi haikupumzika pia. Mama yake, ambaye wote walimwita Ba, alikuwa akisema, "Mkimwona Ranjan kanyamaza, mwiteni daktari."

Mdogo wake Ranjan, Jayesh, alimwoa Alpa. Mimba mbili ziliharibika, na ya pili ilimwacha Alpa bila kizazi. Hospitali moja ya mji wa Anand iliwaambia kuwa mayai yake bado ni mazima, na kwamba wapo wanawake wanaowabebea wengine mimba. Ba alisikia hayo akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mjukuu wangu akae kwenye tumbo la mtu nisiyemjua?" alisema. "Sijui anakula nini, sijui anaapa kwa nani!"

Ranjan alikuwa amekuja kuleta papadi. Akasema kutoka mlangoni, "Langu lipo. Linakaa bure, linanenepa tu."

Wakacheka wote. Yeye hakucheka, na ndipo wakanyamaza.

Na hili lisemwe wazi kwa wenye fikra chafu. Yai lilikuwa la Alpa, mbegu ilikuwa ya Jayesh, na vilikutanishwa kwenye chombo cha kioo na daktari aliyevaa glavu. Ranjan alibeba, basi. Alibeba kama mtu anavyobeba mzigo wa ndugu yake kutoka stesheni, akijua kuwa si wake.

Mimba ilipoanza kuonekana, Ba alimweka chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Nadiad. Majirani waliambiwa ana ugonjwa wa mgongo. Mwezi wa saba ukafika, mwezi ambao mja mzito huketishwa kwenye kibao, wanawake wakamjaza pajani mchele, nazi na popoo huku wakiimba. Aliyeketishwa ni Alpa, mto mdogo umefungwa chini ya sari yake. Kokila alipompelekea Ranjan sahani ya vitamu kule nyuma, alimkuta ameweka mikono tumboni.

"Wifi," Ranjan akanong'ona, "waambie waimbe kwa nguvu. Huyu akisikia ngoma anacheza garba humu ndani. Kanivunja mbavu."

Mtoto alizaliwa, wa kike, mzima. Sasa, kwa watu wa Charotar, eneo letu hili, mama hampi mtoto jina, wala baba. Mtoto hulazwa ndani ya kitambaa, watoto wanne hushika pembe nne wakimbembeza, na shangazi, dada wa baba, ndiye hutamka jina. Akishalitamka, mawifi humpiga mgongoni kwa utani kana kwamba amewaibia kitu. Kuhani alikwisha kutoa herufi: jina lianze na S. Na Jayesh alikuwa na dada mmoja tu.

Ranjan alikuwa nalo jina tayari. Alilitunza tangu miezi ya chumba cha nyuma, na alimwambia Kokila peke yake, kwa sababu Kokila alikuwa mwalimu na asingecheka. Siku hiyo alivaa sari ya kijani, akajifunga vizuri, akatoka. Ba akamtazama kifuani. Maziwa yalikuwa yamelowanisha blauzi, pande zote mbili.

"Utasimama hivyo mbele ya watu?" Ba alisema taratibu. "Mwanangu, aliyezaa hawezi kuwa shangazi. Wataona. Rudi ndani."

Ranjan alirudi ndani. Wakamwita binamu wa kike wa Jayesh kutoka Borsad, akala, akacheka, akasema, "Siddhi." Ni jina zuri, na hakuna aliyelilaumu. Mgongo wa binamu ukapigwa, peremende zikagawiwa. Ba hakuwa katili. Nyumba yenye binti atakayeozwa siku moja haiwezi kuachia mlango wazi kwa kila ulimi. Lakini ukweli unabaki kwamba siku ile Ranjan alinyimwa kuwa mama, jambo ambalo hakulitaka, na akanyimwa kuwa shangazi, jambo ambalo alilitaka kuliko kitu chochote.

Miaka ikapita. Ba alifariki. Kwa Siddhi, Ranjan akawa shangazi wa kweli, yule wa kumnunulia tiara za kurusha sikukuu ya Uttarayan na kumfundisha matusi ya kistaarabu. Msichana alimpenda waziwazi mpaka Alpa akawa anakunja uso kidogo. Hakuna aliyemwambia msichana kitu. Ilionekana hapakuwa na haja.

Kisha mchezo wa kuigiza ukaja mjini. Kikundi kilitoka Ahmedabad, na kwa miaka mingi kimekuwa kikichekesha: waume wanaojificha kabatini, mama wakwe wanaosinzia harusini. Bango lilionyesha susu ya kubembezea mtoto na mwanamume anayekenua meno. Chama cha akina mama kikakata tiketi kwa mkupuo bila kuuliza mchezo unahusu nini, kwa sababu nani huuliza? Wote walikwenda kucheka. Siddhi, aliyekuwa na miaka kumi na saba, aling'ang'ania kwenda na shangazi yake, akaketi kulia kwake.

Sehemu ya kwanza watu walicheka kweli. Mume wa mchezoni alijikwaa kwenye susu, akamwita daktari "mkwe". Kisha akaingia mwanamke wa kukodiwa tumbo, binti mwembamba aliyeigiza bila kupandisha sauti, na kicheko kikaanza kukosa pa kukaa. Mwanamume mmoja wa viti vya nyuma alipaza sauti, "Je, kodi inalipwa kila mwezi?" Baadhi wakacheka, wengine wakamgeukia kwa macho makali. Mama mmoja alimziba mwanawe masikio, halafu akasahau na kuiondoa mikono ili ajifutie machozi.

Wakati wa mapumziko, kwenye bhajia na chai, kila mtu alikuwa na hukumu yake.

"Tumelipa tucheke, wametuletea msiba!"

"Hapana dada, ni kweli kabisa. Binamu wa mume wangu..."

"Binamu! Kila mtu ana binamu. Sema ni wewe!"

"Mwanamke anayeuza tumbo leo atauza nini kesho?"

Huyo wa mwisho alikuwa Pushpa, mke wa mwenye duka la vitambaa, aliyewahi kuwa jirani yao miaka ile ya ugonjwa wa mgongo. Alisema huku akimtazama Ranjan juu ya kikombe chake. Ranjan alimchagulia Siddhi bhajia zisizo na pilipili nyingi. Kokila akamuuliza kama waondoke, naye akasema, "Wifi, nimelipia mpaka mwisho."

Katika sehemu ya pili waigizaji walileta kitambaa. Watoto wanne wakashika pembe, mwanasesere akalazwa katikati, na yule mwanamke aliyezaa akasimama nyuma ya pazia jembamba, kivuli chake kikionekana. Bibi wa mchezoni akaita, "Shangazi yuko wapi? Shangazi aje atoe jina!"

Hakuja mtu. Ndivyo mchezo ulivyoandikwa: asitokee mtu, kitambaa kibembee bila jina, taa zififie. Bibi akaita tena. Ukumbi mzima ukanyamaza, na kwa watu wa Nadiad kunyamaza ukumbini si jambo dogo.

"Saryu," alisema Ranjan.

Hakusimama. Huenda hakujua kuwa ametamka. Lakini neno lilifika jukwaani, na yule bibi wa mchezoni, mwigizaji mzoefu, hakutetereka. Aliinama juu ya kitambaa akarudia, "Saryu. Jina lake Saryu." Watoto wakabembeza. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu waliamini kuwa mwanamke huyo amewekwa pale makusudi na kikundi, ni ufundi wa kisasa. Kijana mmoja alimpiga picha. Na Kokila, bila kufikiri, alikuta mkono wake umekwisha inuka na kumpiga wifi yake mgongoni, mara moja, kama inavyotakiwa.

Ni nyuma yao ndipo Pushpa aliposema, wala hakunong'ona, "Mmeona? Si niliwaambia? Ule haukuwa mgongo!"

Siddhi aligeuka. Alimtazama Pushpa, kisha shangazi yake, kisha mkono wa Kokila ambao ulikuwa bado uko mgongoni.

Ndani ya riksho aliuliza, "Shangazi, Saryu ni nani?"

"Jina tu, mama. Limenijia."

"Linaanza na S."

"Majina mengi yanaanza na S," Ranjan alisema, akatazama nje.

Mji haukulala na hilo. Kufikia Jumatano Pushpa alikuwa amesimulia kote sokoni, kila duka likiongeza chumvi yake. Alpa aliwafungia madirisha watu wa barabarani. Si mwanamke mbaya. Alikuwa amevaa mto ule kwa hofu, na hofu haikuwahi kuvuliwa. Raksha Bandhan ilipokaribia, siku ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, alimpigia Ranjan simu. "Dada, mwaka huu tuma uzi kwa posta. Mambo yapoe kwanza." Jayesh alikuwepo chumbani. Hakuichukua simu.

Ranjan akatuma kwa posta.

Siku yenyewe Kokila alikwenda Uttarsanda ili wifi yake, ambaye mwanawe alikwisha kuhama, asile peke yake. Walikuwa uani wanageuza papadi pale Siddhi alipoingia, peke yake, vumbi mpaka magotini.

"Ni wewe?" aliuliza.

Ranjan alijifuta unga mikononi, akachukua muda. "Mimi ni shangazi yako. Ingia ndani ule."

"Nimeuliza ni wewe uliyenizaa?"

"Mama yako ni Alpa. Damu yake, macho yake, hata hasira hiyo ni yake."

"Basi kwa nini siku ya jina langu hukuwepo? Mama anasema shangazi mwenyewe hakutaka kuja." Sauti ya msichana ilivunjika. "Ulinibeba miezi yote ile halafu hukutaka hata kunipa jina?"

Lilikuwepo jibu. Kokila alilijua, na Ranjan alilijua zaidi. Lakini jibu hilo lingemfanya marehemu Ba mkatili na Alpa mwongo nyumbani kwake, na msichana huyo alikuwa arudi kwenye nyumba hiyo hiyo kula chakula cha jioni. Ranjan alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Kokila aolewe katika ukoo ule, neno halikumtoka.

"Ingia ule," alisema tena mwishowe.

Siddhi hakula. Alitoka kwa miguu kuelekea barabara kuu, na Ranjan alisimama getini mpaka riksho ilipomchukua, kisha akarudi kwenye papadi, kwa kuwa jua lilikuwa linaondoka uani. Aligeuza moja, akageuza nyingine. Kokila aligeuza pamoja naye.

Msichana sasa anasoma chuo Vadodara. Watu wanapenda kumsimamisha Kokila hekaluni na kumuuliza kama Siddhi amewahi kurudi Uttarsanda, kama aliambiwa ukweli, nani alimwambia, na Alpa alisemaje. Wiki iliyopita Pushpa mwenyewe alimshika kiwiko mlangoni pa hekalu.

"Dada Kokila, sisi ni kama ndugu. Niambie mimi tu."

Kokila aliutoa mkono ule kwenye kiwiko chake.

"Sikuambii," alisema, akavaa viatu vyake.