Kitufe cha Mashine ya Katindiuka

Pale Lumemo, watu wenye redio bubu na inveta zilizoungua walimjua fundi mmoja tu: Domitila. Ndiyo maana, mpunga ulipoanza kuvunwa, Apolinari mwenye mashine ya kukoboa kule Katindiuka alimwomba amtengenezee kidhibiti cha kuwasha na kuzima mota.

Kitufe cha kuzimia mota kilitumia volti ishirini na nne. Chipu inayoongoza kidhibiti ilistahimili tano tu. Domitila alijua kinachopaswa kukaa katikati: optokapla, kidude cha miguu minne chenye kitaa ndani na jicho linalokitazama. Umeme mkubwa huwasha kitaa, jicho likaona mwanga na kuiarifu chipu. Hakuna waya unaovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Lakini optokapla alizoagiza Dar es Salaam zilikuwa bado njiani.

"Dada, magunia yamejaa hadi mlangoni," Apolinari alisema. "Huwezi kuweka kitu kingine kwa sasa?"

Aliweza. Akafunga rezista mbili za kupunguza volti, akijiahidi kurudi. Mashine ikafanya kazi vizuri. Optokapla zilipofika akazitia kwenye droo, maana hakuna aliyelalamika, na simu za kutengeneza zilikuwa nyingi.

Siku kumi baadaye, mkanda wa mota ulidaka mkono wa kulia wa shati la Silvano, mwendesha mashine. Akabonyeza kitufe kwa mkono wa kushoto. Mota haikuzima. Akabonyeza tena na tena, akipiga kelele, mpaka mteja mmoja alipokimbilia swichi kuu ukutani. Hospitalini walimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Domitila alikifungua kidhibiti mbele ya Apolinari. Umeme mkali wa ghafla kutoka upande wa mota ulikuwa umepenya rezista na kuiunguza chipu, ikaganda kwenye amri ya kuizungusha mota.

"Tuseme umeme wa gridi ndio uliopanda ghafla," Apolinari alinong'ona. "Nani atajua?"

Siku iliyofuata Domitila alifunga optokapla. Tena akapitisha waya wa kitufe ili kikate umeme wa mota chenyewe, bila kuisubiri chipu. Silvano aliporuhusiwa kurudi nyumbani Idete, Domitila akamfuata huko.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akamweleza yote. Silvano alisikiliza akitazama shuka lililofunika bega lake.

"Siku ile ya mkono, hivyo vidude vilikuwa vimeshafika?"

"Vilikuwa kwenye droo yangu."

Levina, mkewe, aliinuka, akaichukua bilauri ya maji aliyokuwa amemkaribisha nayo mgeni. "Nenda, dada. Umeshasema."

Masika yaliyofuata Levina alilima peke yake, robo tu ya shamba. Domitila alizungukia mashine nyingine tano za bonde, akizifungua na kuzikagua bila kuitwa. Mbili zilikuwa na rezista kama zake.

Wakikutana sokoni Ifakara, Silvano huitikia salamu yake. Levina hageuki.