Tembo Mwenye Kiatu cha Marinda

Nimetengeneza viatu vya watu wa kila namna hapa Yeoville. Nimewatilia soli mabaunsa ambao miguu yao ingeweza kusimamisha treni, na kuna bibi harusi mmoja ambaye kisigino chake nilikirudisha mahali pake bwana harusi akiwa keshasimama madhabahuni anatazama saa. Kwa hiyo mwaka 2017, baridi ya Joburg ikiwa imekaza kiasi cha kugandisha gundi ndani ya kopo, mteja wangu mmoja alipoingia na kuniuliza kama naweza kumtengenezea kiatu mgonjwa mwenye mguu mkubwa, sikuinua hata uso.

"Namba ngapi?" nikamuuliza.

Nilipomtazama, alikuwa amezungusha mikono yote miwili mbele ya kifua, kama mtu aliyekumbatia pipa.

Mteja huyu alikuwa Mkongo wa Bunia, mtu mpole mwenye ndevu za mvi, ambaye kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alikuja kusali Yeoville, na njiani akaniachia buti zake. Nilijua anafanya kazi nje ya mji, upande wa milima ya Magaliesberg, kwenye shamba la watalii. Siku zote nilidhani anakata majani. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nashona buti za mtu anayelea tembo.

Katika chumba chetu cha kazi tulikuwa wawili. Mimi nilikaa nyuma na ngozi zangu, na mbele, penye dirisha, alikaa mama mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa akishona sare za shule kwa cherehani lenye sauti kama trekta. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, akimwita Mkongo mwenzake yaya, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao.

"Yaya, huyu Mutanzania viatu vya batoto vinamushinda, weye unamuletea nyumba muzima?"

"Mama, usicheke," mlezi wa tembo akasema. "Eko mugonjwa sana."

Ndipo akatueleza. Alikuwa tembo jike, mtu mzima. Kwa miaka mingi alikuwa amebeba watalii mgongoni, wawili wawili, akizunguka njia ileile kutwa, kisha jioni anasimamishwa kwenye sakafu ya saruji, mguu wa nyuma ukiwa na mnyororo. Mnyororo mwenye shamba alikuwa ameshauondoa. Saruji ilibaki. Sasa mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umeota jipu chini ya ukucha, likapasuka, likaacha shimo. Kila asubuhi waliuloweka kwenye maji ya chumvi ya dawa, naye akatulia kama mtu aliyekuja saluni kusuguliwa miguu. Lakini kabla ya adhuhuri shimo lilikuwa limejaa mchanga na kinyesi. Daktari wa wanyama alikuwa amewaambia wazi: uozo ukifika kwenye mfupa, basi. Tembo hawezi kulazwa kitandani mguu ukaning'inizwa. Husimama, au hufa. Kiatu cha kuagiza ng'ambo kingefika, ila mfupa usingekisubiri.

"Fundi," akasema, "siombi kiatu cha kupendeza. Naomba uchafu usiingie."

Jumatatu akanipakia kwenye pikapu ya shamba. Njia nzima nilipiga domo, nikimweleza kuwa mguu ni mguu tu, uwe wa mtoto, uwe wa tembo. Tofauti ni ngozi inayotumika. Tulifika, tukashuka, nikaendelea kusema. Kisha nikahisi kitu nyuma yangu. Sikusikia hatua, naapa. Mnyama mzito kuliko teksi tatu zilizojaa alikuwa amekuja kwenye majani makavu bila kuvunja hata kijiti. Mkonga ukapita begani, ukanusa sikio, ukanusa mfuko wenye gundi, ukasimama juu ya viatu vyangu kwa muda mrefu, kana kwamba na yeye ni fundi anakagua kazi ya mwenzake. Mimi, ambaye mama Lubumbashi husema nitazungumza hata kwenye jeneza langu, nilipata neno moja tu: shikamoo.

"Sasa munajuana," mlezi akasema.

Hakuwa na fimbo yenye ndoano. Aligusa goti la tembo kwa vidole viwili, akasema neno moja la chini, na mguu ukapanda wenyewe, ukajilaza juu ya kigogo. Nikaona unyayo. Sijui niuelezeje. Ulikuwa na nyufa kama ardhi iliyokosa mvua, na kila ufa ulikuwa na njia yake. Pale mbele, chini ya ukucha wa tatu, palikuwa na shimo ambalo kidole gumba changu kingezama. Mguu wa nyuma ulikuwa na duara la ngozi laini isiyo na nywele, mahali mnyororo ulipokuwa umelala miaka yote ile. Nililiona, nikageuza macho.

Daktari alikuwepo, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira. Alipoona nimeduwaa akanionea huruma, akanifundisha. Akasema tembo hatembei kwa unyayo mzima kama sisi. Mifupa yake ndani imesimama kwa ncha za vidole, na nyuma ya vidole kuna mto mnene wa mafuta unaomshika asianguke. Kwa maneno mengine, nikamwambia, huyu mama kazaliwa amevaa kisigino kirefu, na hakuna fundi duniani aliyewahi kukigundua. Shule ya usiku nilisoma biolojia miaka miwili, nikafaulu, lakini hakuna aliyenigusia habari hizi! Kisha mlezi akaongeza lake: ukizungusha kamba kwenye unyayo wa mbele mara mbili, unapata urefu wa tembo mpaka begani. Nikazungusha tepu, nikazidisha mara mbili, nikainua macho. Kweli. Mungu naye hupima kabla ya kukata.

Nilirudi mjini na vipimo vyangu, nikashona siku nne. Soli nilikata kwenye tairi la lori, kama tunavyokata katambuga nyumbani, ila katambuga hii ungeweza kuvukia mto. Juu nikaweka turubai nene safu mbili, kamba na macho ya chuma. Watu wa mtaa wakaja kutazama. Kinyozi wa jirani akauliza kama ni beseni la kubatizia.

Siku ya kuvalisha, mguu ulipanda kwenye kigogo, kiatu kikaingia vizuri kama soksi. Nikafunga kamba, nikasimama, nikatanua kifua. Mlezi akasema neno, tembo akashusha mguu, akaukanyagia.

Prraaa!

Turubai lilipasuka kuanzia juu hadi kwenye soli. Kuku wa shamba waliruka hadi mkoa wa pili. Tembo mwenyewe hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akakitazama kile kitambaa, kisha akanitazama mimi. Sijapata kuaibishwa na mteja namna ile.

Kosa lilikuwa langu, tena la kipuuzi kupita yote. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikiwapigia kelele wateja: "Simama! Usipimwe mguu umekaa!" Mguu ukibeba mwili hutanuka, mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Lakini siku ile mguu ulipokuwa juu ya kigogo, nimezibwa akili na mshangao, niliupima ukiwa hewani. Na mguu wa tembo, kwa sababu ya ule mto wa mafuta, hutanuka kuliko wa kiumbe chochote, kisha akiuinua hunywea tena. Daktari alidhani mimi najua. Mimi nilidhani mguu ni mguu tu. Na kutwa nzima uchafu ukaingia kwenye shimo.

Tukatandaza mchanga wenye unyevu kwenye trei pana, akakanyaga, akatuachia alama yake. Upana ulizidi kipimo changu cha kwanza kwa vidole vinne vya mkono! Nikatambua tatizo jipya: kiatu kikiwa kipana hivyo, mguu ukiinuliwa kitachomoka. Kikiwa chembamba, kitapasuka.

Nilirudi Yeoville nimenyong'onyea. Mama Lubumbashi alisikiliza huku anashona, hakunyamazisha cherehani.

"Kwa hiyo anakanyaga, mguu unapanuka. Anainua, unarudi."

"Ndiyo."

"Na weye, fundi mukubwa, sasa unalia?"

"Mama, niache."

Akachukua sketi ya sare iliyokuwa mezani, akaitikisa mbele ya pua yangu. "Hii ni nini?"

"Sketi."

"Na haya?"

"Marinda."

"Mutoto wa shule anatembea namna gani, anaruka kamba namna gani, na sketi haipasuke?" Akalifungua rinda moja kwa vidole, akaliachia likajikunja. "Tembo wako anaomba sketi, baba. Miye naishona. Weye kata tairi."

Tulishona pamoja. Yeye alitia marinda manane kuzunguka turubai, na ndani ya kila rinda akaweka mpira mpana wa kiunoni ili lijirudishe lenyewe. Sindano tisa zilivunjika. Mimi huwa nasimulia kuwa ni arobaini.

Siku ya kuvalisha mara ya pili nilifunga kamba, nikarudi nyuma hatua tatu. Tembo akashusha mguu polepole sana. Marinda yakafunguka, yote manane kwa pamoja, kama ua. Akainua: yakajikunja. Akashusha: yakafunguka. Kiatu kilikuwa kinapumua. Mlezi akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, na kutoka kifuani mwa tembo ukatoka mngurumo ambao sikuusikia kwa masikio; niliusikia kwa meno.

Kuanzia hapo nilikwenda kila baada ya wiki mbili kubadilisha soli. Shimo likaanza kujaa kutoka ndani, kama daktari alivyotaka. Mwendo ukanyooka. Na hapo ndipo hatari ilipotokea upande ambao hatukuutazama.

Sikukuu za mwisho wa mwaka zilikuwa zinakaribia. Mwenye shamba alikuja akiwa na kofia mkononi, mtu mrefu, mwenye adabu, ambaye kwa namna yake alimpenda yule mnyama. Daktari hakuwepo siku hiyo. Akainama, akagonga soli kwa ngumi.

"Fundi, kazi safi. Niambie, itabeba tembo pamoja na wageni wawili juu?"

Mlezi aliangalia chini. Kibarua chake kilikuwa kwa bwana huyu, angesema nini? Na mimi sasa. Wanaonijua wanajua jinsi nisivyojua kupunguza chumvi. Ile soli ilikuwa tairi la lori! Ulimi ulikuwa umeshainuka kusema itabeba tembo, wageni wawili, na basi lililowaleta. Nilikuwa na fahari ya kiatu kile kuliko ya cheti changu cha shule. Nikatazama juu, nikaona jicho la tembo lenye kope ndefu, limetulia. Hakuniomba kitu.

"Ngoja," nikasema.

Nikamwomba mlezi ainue mguu, nikavua kiatu, nikakipindua. Kusoma soli ndiyo kazi yangu. Mtu anaweza kuniambia haumwi mgongo, viatu vyake vikasema anaumwa. Nikampa mwenye shamba.

"Tazama hapa, upande wa nje. Meno ya tairi yamelika, mpira umekuwa laini. Tazama upande wa ndani, penye kidonda."

"Ni mpya," akasema.

"Ni mpya. Wiki mbili amevaa, hajawahi kupakanyaga. Wewe unamwona hachechemei, lakini anaukwepesha mguu kila hatua, maelfu ya hatua, bila kutuambia. Kiatu kitabeba, bwana. Mguu hautabeba."

Eish, nilitegemea kufukuzwa. Yeye akakaa juu ya kile kigogo, soli mapajani, akawa anapitisha kidole kutoka palipolika hadi palipo pya, na kurudi. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba tembo alichoka kusubiri, akaunyoosha mkonga na kumnusa kisogoni. Mwisho akamwambia mlezi kwamba matandiko ya kukalia wageni yabaki stoo msimu ule.

Sisemi ni mimi. Daktari alikuwa amemwambia hayohayo mara nyingi kabla yangu, kwa maneno ya kitaalamu. Labda alihitaji kuyashika kwa mkono. Msimu ukapita, matandiko hayakutoka tena, wageni wakawa wanatembea kando yake kwa miguu yao wenyewe. Saruji ya bandani waliivunja kwa nyundo, wakamwaga mchanga.

Katikati ya 2018 mlezi alipiga simu akasema daktari anataka kuja kuutazama mguu kwa mara ya mwisho, basi nije. Mama Lubumbashi, ambaye mwaka mzima aligoma kwenda mahali penye mnyama mkubwa kuliko nyumba yake, akatangaza kwamba naye anakuja kuona sketi yake ikivaliwa. Alivaa kitenge cha njano cha kanisani, na kilemba.

Daktari alibonyeza chini ya ukucha, akabonyeza tena kwa nguvu, akimtazama tembo usoni. Kisha akajaribu kuingiza kidole gumba. Hakikuingia popote. Akafuta mikono, akamkubalia mlezi kwa kichwa, na mlezi, badala ya kuchukua kiatu nilichokuwa nimemshikia, akafungua lango la kuelekea kwenye dimbwi la matope, mahali ambapo mgonjwa huyu alikuwa hajaruhusiwa kugusa tangu mwaka uliopita.

Tembo alisimama ukingoni. Akatanguliza mguu wa kushoto. Uleule. Ukazama, akauacha hapo, akauegemea. Halafu akaingia mzimamzima, akalala ubavu, akainuka akiwa mwekundu kama mlima wa matofali, akafyonza tope la kujaza mkonga na kutupulizia.

Mama Lubumbashi alifunikwa kuanzia kilemba hadi viatu. Mimi nilijiandaa kusikia matusi yote ya kwao Katanga. Alijipangusa jicho moja, likabaki wazi kwenye tope kama tundu la ufunguo, akamtazama yule mama mwenye mkonga akigaagaa.

"Yaya," akamwambia mlezi, polepole, "mwambie arudie."